Mashine ya Kuchuja Maji Ikianza Kudondosha: Anza Wapi?

Mazungumzo ya afisa ugani na vikundi vya wafugaji wa bonde la Rukwa, Mkoa wa Songwe

Leo sitazungumzia josho wala chanjo. Nazungumzia ile mashine ya kuchuja maji ya chumvi ambayo baadhi ya vikundi vyenu mmeinunua, kwa sababu swali ni lilelile kila ninakopita: "Bwana mifugo, mbona siku hizi inadondosha tu?"

Nianze na kikundi kimoja nilichokitembelea, sitakitaja jina. Kisima chao kilipungua kiangazi, wakaanza kumimina maji ya lambo kwenye mashine. Baada ya wiki chache maji yakawa matone. Kijana mmoja akafungua mashine, akatoa ule utando wa kuchujia, akarudisha mfuniko. Maji yakatoka kwa kasi, watu wakampongeza. Lakini waliyokuwa wakinywa sasa yalikuwa maji ya lambo, lambo lilelile wanalonywea ng'ombe, na watoto wakaanza kuhara. Maji ya polepole yalikuwa yanawaambia kitu, wao wakamtoa mlinzi langoni.

Ndiyo maana nasema: ng'ombe akiugua humchomi sindano kabla ya kumpima joto. Mashine nayo ipimwe kwanza.

Inavyofanya kazi

Maji hupita kwanza kwenye filta ya uchafu, kisha filta ya mkaa, ndipo yasukumwe kwa nguvu kwenye utando wenye matundu madogo mno. Maji masafi hupenya kidogo kidogo. Chumvi na uchafu hubaki nyuma na kutoka kwa bomba la pili, la maji ya kumwaga. Kwa kawaida, kila lita 1 safi huambatana na lita 3 au 4 za kumwaga. Kwa hiyo mashine hii kwa asili haina haraka. Utando ulioandikwa 75 GPD, ukiwa mpya na presha ikiwa nzuri, hutoa lita 1 kwa dakika 5 hivi. Ulioandikwa 50 hutoa lita 1 kwa dakika 7 hadi 8.

Pima siku mashine ikiwa mpya, andika dakika hizo kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake. Bila namba hiyo mtabishana tu.

Hatua ya kwanza: ni mashine au ni tanki?

Funga koki ya tanki dogo la kuhifadhia, fungua bomba la kunywea, kinga lita 1 ukitazama saa. Dakika zikilingana na zile za mwanzo, mashine ni nzima, shida iko kwenye tanki. Ndani ya tanki mna mpira wenye upepo unaosukuma maji. Upepo ukiisha, tanki linajaa lakini maji hayatoki. Mwaga maji yote, kisha jaza upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka geji ya matairi isome 7 au 8. Tairi la gari dogo husoma kama 30, kwa hiyo usizidishe. Maji yakitoka kwenye kile kidude cha kujazia upepo, mpira umepasuka. Nunua tanki jingine.

Hatua ya pili: presha

Hapa ndipo wengi tunakosea. Utando unahitaji presha sawa na maji yanayoshuka kutoka mita 30 hadi 40. Simtanki lililowekwa juu ya mnara wa mita 3 linatoa kama sehemu moja ya kumi tu. Bila pampu ya kuongeza nguvu, mashine itadondosha hata ikiwa mpya kabisa. Kama pampu ipo na inatumia sola, angalia betri. Betri iliyochoka huzungusha pampu kivivu. Mashine ikitoa vizuri saa sita mchana na vibaya alfajiri, mtuhumiwa wa kwanza ni betri.

Hatua ya tatu: filta za mwanzo

Chomoa mpira unaoingiza maji kwenye utando, elekeza kwenye ndoo, washa pampu. Yakitiririka vizuri, filta ziko salama. Yakiwa membamba, zimeziba. Kwa maji safi filta ya uchafu hudumu miezi 6 hadi 12, kwa maji ya tope haimalizi hata mwezi. Basi maji ya lambo au ya mto yatulie kwanza usiku kucha kwenye pipa, uchote ya juu, uyapitishe kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Ukienda Tunduma kununua filta, beba ile ya zamani ulinganishe urefu na unene.

Hatua ya nne: bomba la kumwaga

Likiwa kavu kabisa, kizuizi chake kimeziba na chumvi inajikusanya juu ya utando. Zima, kisafishe au kibadilishe mapema. Likimwaga kwa wingi kupita kawaida, kizuizi kimelegea na presha inapotea.

Hatua ya tano: utando wenyewe

Ukifika hapa na yote yaliyotangulia ni mazima, utando umechoka au umeota ukoko wa chokaa, kama ule mnaouona ndani ya birika la chai. Kwa matunzo mazuri hudumu miaka 2 hadi 3. Usiukwangue wala kuuchoma sindano, tundu moja likipatikana kazi yake imekwisha. Usipitishe dawa ya klorini kwenye utando, inauharibu. Klorini iwekwe kwenye ndoo ya kuhifadhia, baada ya kuchuja.

Mambo mawili yasiyo ubovu

Baridi hupunguza maji. Maji ya nyuzi 15 hupenya pungufu kwa robo au zaidi kuliko ya nyuzi 25. Wenzetu wa Tunduma na Mbozi wasishangae mwezi wa 6 na wa 7. Pili, kiangazi kisima kikipungua chumvi huzidi, na chumvi ikizidi utando unahitaji nguvu zaidi.

Maji ya kumwaga na mifugo

Mama mmoja aliniuliza kama yapewe ng'ombe. Kama maji ya kisima chenyewe mifugo huyanywa vizuri, hayo ya kumwaga yameongezeka chumvi kidogo tu, karibu theluthi, na ng'ombe wakubwa watayanywa. Lakini kisima kikiwa tayari na chumvi kali, usiwape ndama, wenye mimba wala wanaokamuliwa. Ukiona ng'ombe wanasita birikani, wanaharisha au maziwa yanapungua, acha, peleka sampuli ya maji ikapimwe.

Mwisho

Siku mashine ikigoma, chemsheni maji ya kunywa. Msirudi birikani na ng'ombe, kipindupindu na kuhara hakumsubiri fundi. Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kushika daftari la tarehe za filta na dakika za lita 1, apime kila mwezi. Daftari hilo litawaokolea fedha, kwa sababu mtanunua kilichoharibika tu.

Sasa leteni maswali, na mwenye filta aliyoitoa jana ailete hapa tuitazame pamoja.