Nyumba ya wazee: fika saa ya chakula

Msikilizaji, Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Haikusema matunzo hayo lazima yawe chini ya paa la mwanawe. Kwa hiyo tuache kuwanyooshea vidole wanaotafuta nyumba za wazee jijini Nairobi. Wengi wana mama aliyesahau hata majina ya wajukuu, nao hutoka kazini saa mbili usiku.

Ninachohofia ni jinsi wanavyochagua. Bustani iliyofyekwa na runinga kubwa ukumbini havimwogeshi mtu. Fika bila kupiga simu, ikiwezekana saa ya chakula cha jioni. Tazama kucha za wazee. Angalia kama asiyeweza kushika kijiko analishwa, au sahani yake inaondolewa ikiwa bado imejaa. Muulize muuguzi, si meneja, usiku wanabaki wangapi, na nani humgeuza asiyejiweza kitandani. Vidonda vya mgongoni huanzia hapo. Daftari la dawa nalo lionekane, tena lenye saini. Mkataba usome mpaka pale panapoeleza malipo mzee akilazwa hospitalini.

Na mzee mwenyewe, kaulizwa? Mara nyingi hushtukia begi lake liko garini. Kama bado ana akili timamu, mpelekeni akapaone kabla hamjalipa hata shilingi moja.