Pumzi Kukatika Usingizini na Afya ya Moyo: Funzo Kutoka Toronto

Wasikilizaji, katika nyumba nyingi mtu anayekoroma kwa nguvu husemekana kuwa amelala fofofo. Asubuhi wenzake humtania, na jambo likaishia hapo. Lakini wako wakoromaji ambao usiku wa manane hunyamaza ghafla. Kifua huhangaika bila hewa kupita, kisha hushtuka na kuvuta pumzi kwa kishindo. Hali hiyo huitwa apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini, nayo ina uhusiano wa karibu na maradhi ya moyo.

Miongoni mwa miji iliyochangia sana kuufahamu uhusiano huo ni Toronto, nchini Kanada, ambako Profesa Douglas Bradley wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wameuchunguza kwa miongo kadhaa.

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba kabisa kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hupungua katika damu, ubongo humzindua mgonjwa bila mwenyewe kutambua, na shinikizo la damu hupanda. Kwa aliyezidiwa, hayo hutokea mara 30 au zaidi kila saa. Hivyo moyo, ambao ungepaswa kupumzika usiku, hukesha ukitaabika.

Uhusiano huo una upande wa pili. Moyo ukidhoofika, maji hujikusanya miguuni wakati wa mchana. Watafiti wa Toronto walionyesha kwamba mgonjwa anapolala, sehemu ya maji hayo huhamia shingoni na kuibana njia ya hewa. Aidha, wapo wagonjwa wa moyo ambao koo lao liko wazi, ila ubongo huacha kwa muda kuamrisha upumuaji. Kwa hiyo pumzi huuathiri moyo, na moyo nao huiathiri pumzi.

Tiba inayotumika zaidi ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Mwaka 2003 watafiti wa Toronto walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 24 wenye moyo dhaifu na koo linaloziba. Nusu yao walitumia mashine kwa mwezi mmoja. Sehemu ya damu ambayo moyo wao ulisukuma kwa kila pigo iliongezeka kutoka asilimia 25 hadi karibu asilimia 34, na shinikizo la damu likashuka.

Matumaini yalikuwa makubwa, lakini mwaka 2005 uchunguzi mwingine ulioongozwa na Bradley uliwahusu wagonjwa 258 ambao tatizo lao lilitokana na ubongo, wala si koo. Kwa mashine hiyo walipumua vizuri zaidi, ila vifo havikupungua. Mwaka 2015 uchunguzi wa kimataifa wa mashine ya aina nyingine, inayofuatiliza pumzi ya mgonjwa, ulionyesha kuwa vifo viliongezeka miongoni mwa wagonjwa wa namna hiyo. Kisha matokeo ya uchunguzi ulioongozwa kutoka Toronto, yaliyochapishwa mwaka 2024 na kuhusisha wagonjwa 731, yalionyesha kuwa mashine inayokaribiana na hiyo haikuleta madhara na iliboresha usingizi, lakini haikurefusha maisha.

Funzo lake ni kwamba mashine si ya kununuliwa kiholela. Kwanza mgonjwa apimwe usiku kucha ili aina ya tatizo ijulikane, na moyo wake uchunguzwe. Katika jimbo la Ontario, ambako Toronto ipo, serikali huchangia gharama ya mashine kwa mgonjwa aliyethibitishwa. Afrika Mashariki vituo vya kupima usingizi bado ni vichache, lakini kipimo cha shinikizo la damu hupatikana hata katika zahanati.

Mwenye shinikizo lisilotii dawa, anayekoroma na kusinzia mchana, hana budi kumweleza daktari habari za usingizi wake. Taabu ni kwamba mwenyewe hajisikii. Anayezisikia pumzi zikikatika ni mke au mume aliyelala kando yake; basi afadhali huyo aandamane naye hospitalini na kueleza aliyoyasikia.