Agano la Kale na Agano Jipya Katika Kusoma Kwetu kwa Kila Siku

(Maneno ya mwalimu mmoja wa shule kambini Dzaleka, Malawi, katika ibada ya pamoja ya Siku ya Wakimbizi)

Nimeombwa niseme juu ya kusoma Biblia kila siku, tena kwa dakika kumi. Mwalimu akipewa dakika kumi huanza na hesabu.

Agano la Kale lina vitabu 39 na sura 929. Agano Jipya lina vitabu 27 na sura 260. Ukisoma sura moja ya Agano Jipya kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, utamaliza kwa majuma 52, yaani mwaka mmoja. Agano la Kale, hata usiporuka siku, litakuchukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Ndiyo maana wengi wetu tunakaa upande ule mfupi. Upande mrefu tunautembelea tukitaka Zaburi ya kufariji wafiwa, au tukitaka fimbo ya kumchapa jirani.

Juu ya fimbo hiyo nina neno. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 ina aya 14 za baraka na aya 54 za laana, na mojawapo ya laana hizo ni kutawanywa kati ya mataifa. Nimesikia sura hiyo ikisomwa kwenye matanga ya mtoto mdogo, msomaji akiwaeleza wazazi kwamba tuko huku kwa sababu baba zetu walivunja agano, na kwamba mtoto amekwenda kwa ajili hiyo hiyo. Mama yule alikuwa amekaa mkekani. Hakujibu kitu.

Mimi nataka ajibiwe.

Wazee wetu walijua agano ni nini. Watu wawili wakichanjiana damu walikuwa ndugu, na mwenye kuuvunja udugu ule alijua ana jambo linalomfuata. Musa naye pale Sinai aliwanyunyizia watu damu ya agano. Basi sisemi kwamba laana zile ni maneno matupu, wala sina kifutio cha kufuta aya 54. Nasema msomaji aliishia njiani. Angalifunua mbele kidogo, sura ya 30, angalikuta hao hao waliotawanywa wanakusanywa.

Tena angalifika kwa Yeremia. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza aliwahamisha watu wa Yerusalemu mpaka Babeli. Yeremia akawaandikia barua, nayo iko sura ya 29: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, na wauombee amani mji ule wa ugenini. Sura mbili baadaye ndipo Agano Jipya linapoahidiwa, aya ya 31. Katika Agano la Kale lote jina hilo halipatikani mahali pengine. Ahadi hiyo imeandikwa kati ya maneno yanayohusu watu waliohamishwa makwao, na katika sura hiyo hiyo Raheli anawalilia watoto wake wala hakemewi.

Sasa someni aya ya 29 na ya 30, zinazotangulia ahadi. Wakati ule watu walikuwa na methali kwamba baba wamekula zabibu chungu, na watoto ndio walioshikwa na ganzi la meno. Yeremia anasema methali hiyo itakoma. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, na waliozaliwa hapa siku za kwanza sasa ni watu wazima. Nani bado anawahesabia zabibu za baba zao?

Yesu alikiita kikombe cha karamu ya mwisho agano jipya katika damu yake. Waebrania sura ya 8 inayarudia maneno ya Yeremia karibu yote. Neno la Kigiriki lililotumika hapo lina maana ya wosia pia, na sura ya 9 inalifafanua hivyo: mwenye wosia amekufa, kilichobaki ni warithi kupewa chao. Sijaona wosia unaosomwa matangani ili mrithi atukanwe.

Lakini msiliache lile la kale. Sheria ile ile, Walawi 19, iliagiza masazo ya mavuno yaachwe kwa maskini na mgeni, na kwa agizo hilo Ruthu Mmoabi alipata chakula. Wageni wetu wa mashirika, ambao habari za posho wanazijua kuliko mimi, nawaomba wasome Ruthu sura ya 2. Boazi aliwaagiza watumishi wake waangushe masuke makusudi, tena wasimwaibishe.

Juma hili tusome Yeremia 31 yote, siyo vipande, kisha Waebrania 8. Asiye na Biblia akae na jirani aliye nayo. Bibi zetu wasiojua kusoma, watoto wa darasa la sita wawasomee jioni kabla giza halijaingia, na wasome polepole.