Kipimo Kinachokufa Polepole



Mara nyingi tukiwa shambani twasikia ndege ndogo ikipaa kutoka uwanja wa Kitale. Watoto huacha kazi wakaitazama mpaka izame katika mawingu, nasi twarudi kwenye jembe. Leo twataka kuifuata humo mawinguni.

Mtu aliye ndani ya wingu hana macho. Haoni mlima wala shamba, na mwili wake humdanganya: ndege ikigeuka polepole, yeye huhisi anakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana rubani hufundishwa asiuamini mwili wake, bali avitazame vipimo vilivyo mbele yake. Naam, lakini vipimo navyo vyategemea nini?

Ndani ya vipimo viwili vikubwa, kile kionyeshacho mabawa yamelalaje na kile cha mwelekeo, mna gurudumu dogo lizungukalo kwa kasi sana. Mwajua mchezo wa pia. Pia ikizunguka kwa nguvu husimama wima, haianguki. Gurudumu hilo ndilo pia ya rubani. Katika ndege nyingi ndogo za zamani huzungushwa na hewa: pampu iliyofungwa kwenye injini hunyonya hewa kutoka ndani ya kipimo, na hewa nyingine ikiingia kuziba nafasi hulipiga gurudumu likazunguka, kama maji yanavyozungusha kinu cha mtoni. Ndege mpya nyingi zina vioo vya umeme wala hazihitaji pampu hiyo, lakini za zamani bado zaruka.

Pampu yenyewe ni kitu kidogo, chashikika kwa mkono mmoja. Zilizo nyingi zina vipande vyembamba vya kaboni vijisuguavyo ndani bila mafuta. Huchakaa kimya kimya. Kisha siku moja kipande chavunjika, na pampu yasimama palepale. Injini haibadili sauti yake. Na gurudumu nalo halisimami mara moja! Laendelea kwa kasi iliyobaki, likipungua, likaanza kuinama kama pia iliyochoka, na kipimo chainama pamoja nalo, kidogo kidogo. Rubani aona mabawa yamelala, ainyosha ndege. Kumbe ndege ilikuwa sawa, naye ndiye anayeilaza. Kama kipimo kingeruka ghafla kama mwenye wazimu, angeshtuka. Kinachoua ni ule upole wake.

Huko Marekani, tarehe 16 Oktoba 2000, gavana wa Missouri, Mel Carnahan, alisafiri usiku katika ndege ndogo iliyoendeshwa na mwanawe. Mvua na mawingu vilikuwako. Kipimo kikuu cha mlalo wa ndege kiliharibika, na uchunguzi ulisema rubani alipotewa, asijue tena ndege imekaaje. Watu wote 3 walikufa.

Nasi wa Trans Nzoia hatuwezi kutaja mawingu bila kukumbuka Jumanne tarehe 5 Juni 2018. Ndege aina ya Cessna Caravan iliondoka Kitale kwenda Nairobi na watu 10, ikagonga milima ya Aberdare, asipone hata mmoja. Hatusemi kwamba pampu ndiyo iliyoharibika siku ile. Twasema tu kwamba mawingu ya kwetu yana milima ndani yake.

Hewa nayo ina tabia iyo hiyo ya upole. Kitale tuko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Vijana waliopanda Elgon, mita 4,321, wajua kichwa kinavyouma huko. Ndege kubwa, na chache katika zile ndogo, hujazwa hewa iliyoshindiliwa na injini, na mlango mdogo wa kutolea huipunguza kwa kipimo, ili abiria wapumue kama watu walio chini zaidi. Lakini ndege ndogo nyingi zinazovuka Cherangani kwenda Turkana hazina hewa ya namna hiyo. Rubani hana budi kuruka chini, au kuvaa oksijeni.

Na aliyepungukiwa na oksijeni hahisi kwamba anakufa. Mara nyingi hujisikia vizuri! Huchangamka, huona kila kitu chaenda sawa, hali akili imekwisha kulegea na kucha zimekuwa za buluu. Tarehe 25 Oktoba 1999 ndege ndogo iliyomchukua Payne Stewart, mchezaji gofu mashuhuri, ilipoteza hewa yake ya ndani ikiwa juu sana. Ilikwenda yenyewe karibu saa 4, hakuna aliyejibu redio, mpaka mafuta yakaisha ikaanguka. Walikuwamo watu 6.

Wapendwa, wako wenzetu wanaodhani kwamba kukagua hesabu za kanisa, au kumwuliza mzee mwenendo wake, ni kukosa imani. Mwambieni rubani maneno hayo, atawacheka. Yeye halisikilizi shahidi mmoja hata siku moja. Kwanza hutazama kipimo kidogo kionyeshacho nguvu ya pampu, ambacho wengi hukisahau pembeni. Kisha huuliza vingine: cha mgeuko, ambacho mara nyingi huendeshwa kwa umeme, cha kimo, cha mwendo, na dira. Kimoja kikisema tunalala, na vingine vyote vikisema tu sawa, basi ajua ni kipi kilichokufa.

Akishakijua, hukifunika kwa karatasi au kifuniko. Walimu wa urubani hufundisha hivyo, kwa maana jicho lililokizoea kipimo huendelea kukitii hata baada ya kufa kwake.

Na tuombe.