Mkono na Bega
(Maneno ya hotuba kwa wazee, walimu na watu wa Malolo)



Tumekuja kusema juu ya mkono, tangu begani hata ncha za vidole. Hapana mkulima asiyejua kazi ya jembe, wala mama asiyejua uchovu wa mabega baada ya kutwanga. Lakini mkono ukivunjika, wengi wetu hushika shauri la kwanza lijalo, nalo mara nyingi si jema. Mfupa kuvunjika si msiba mkubwa, maana mfupa huunga. Msiba ni mkono kufa kwa sababu ulifungwa vibaya. Hilo ndilo tulilolijia leo.

Kwanza na tuutazame mkono ulivyoumbwa. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na katika hiyo 64 imo katika mabega na mikono, yaani 32 kila upande. Mbele ya bega upo mtulinga, mfupa mwembamba unaoshikika kwa kidole chini ya ngozi. Nyuma lipo kombe la bega, pana na bapa. Toka begani hata kisugudini ni mfupa mmoja mkubwa. Toka kisugudini hata kifundo cha mkono ni miwili, nayo hupishana kila tugeuzapo kiganja. Katika kifundo imo mifupa midogo 8, katika kiganja 5, na katika vidole 14, kwa kuwa kidole gumba kina miwili na kila kimoja cha vingine kina mitatu.

Bega lina ajabu yake. Nyonga imekaa kama mchi ndani ya kinu, haitoki upesi. Lakini kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa begani kama embe juu ya kisahani. Kimewekwa hivyo ili mkono upate kuzunguka pande zote, kupanda juu ya kichwa na kufika mgongoni. Kinachozuia embe lile lisianguke ni misuli minne na kano zake, pamoja na utando mgumu unaofunga kiungo. Kwa hiyo bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa cha mwili.

Pamoja na mifupa hupita mishipa. Mshipa mkubwa wa damu hushuka kwapani, hupita upande wa ndani wa mkono, kisha hupita mbele ya kisugudi karibu sana na mfupa. Mpigo wake husikika kifundoni, upande wa kidole gumba. Mishipa ya fahamu nayo hufuatana hivyo hivyo. Mmoja wao ndio ule ambao mtu akijigonga kisugudi husikia ganzi hata kidole cha mwisho. Yatupasa kuikumbuka mishipa hii, maana uhai wa mkono umo ndani yake.

Sasa tutaje maumivu yatokeayo sana. Maembe yakiiva watoto hupanda miembe. Wakati wa mabibo hupanda mikorosho. Na siku zote zipo pikipiki na baiskeli katika njia zetu.

Mtu akianguka kwa bega, mara nyingi mtulinga huvunjika. Huo huunga wenyewe mkono ukitundikwa shingoni. Kwa mtu mzima yapata wiki 6 hata 12, na kwa mtoto mapema zaidi.

Bega likiteguka, mviringo wake hupotea, likawa na pembe, na mgonjwa huushikilia mkono wake asiweze kuusogeza. Asitokee kijana mwenye nguvu akauvuta. Huenda mfupa nao umevunjika, na kuvuta kwaweza kukata mshipa wa fahamu au wa damu.

Mfupa wa juu ukivunjika katikati, tazameni kama mgonjwa aweza kuinua kiganja chake. Kikining'inia, mshipa wa fahamu umeumia, na daktari aambiwe.

Mtoto mdogo akivutwa mkono kwa nguvu, au akiinuliwa kwa mkono mmoja, kisugudi chake huteguka kidogo, akakataa kuutumia mkono huo. Mwinueni kwa makwapa.

Lakini la hatari kuliko yote ni kuvunjika juu kidogo ya kisugudi, nako huwapata hasa watoto wa miaka 5 hata 7 waangukao wakijikinga kwa mkono. Ncha ya mfupa yaweza kuubana ule mshipa mkubwa wa damu.

Hapo ndipo twataka kusema juu ya magango. Hatukuja kuwadharau mafundi wa kuunga mifupa. Wapo wenye mikono mizuri na subira nyingi. Hatari ni kukaza. Mkono uliovunjika huvimba siku ile na siku mbili tatu zifuatazo, lakini kamba na vijiti havipanuki. Uvimbe ukikosa mahali pa kwenda, hubana damu ndani, na misuli huanza kufa yapata saa 6 tu baadaye. Mkono huo hukunjamana kama ukucha wa ndege, au huoza, ukakatwa ili kuokoa uhai. Wala kosa hili si la vijijini tu. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, aliandika habari za mikono iliyokunjamana hivyo kwa vitambaa vilivyokazwa mno na waganga wa Ulaya. Hata plasta ya hospitali yaweza kubana. Basi mgonjwa akilalamika, arudishwe usiku ule ule.

Ajali ikitokea, fanyeni hivi:

1. Vueni pete, bangili na nyuzi zote za mkono kabla haujavimba.

2. Msiuvute, msiuchue, wala msiukande kwa maji ya moto. Wekeni kitambaa kilicholoweshwa maji baridi.

3. Uacheni kama mlivyoukuta, mkautundike shingoni kwa kanga. Bega au kisugudi kikikataa kukunjika, kisilazimishwe. Mkifunga ubao, kidole kiweze kupita chini ya kitambaa.

4. Penye jeraha, funikeni kwa kitambaa safi, na damu ikitoka kandamizeni juu yake.

5. Tazameni vidole kila mara. Bonyezeni ukucha na kuuachia. Wekundu urudi kwa sekunde 2. Vidole vikiwa baridi au vyeupe, vikifa ganzi, au mgonjwa akilia zaidi vinaponyoshwa, legezeni kila kilichofungwa papo hapo, kisha mwende hospitali bila kungoja asubuhi.

6. Mgonjwa asile njiani, kwani huenda akatiwa dawa ya usingizi.

Pa kwenda pako: hospitali ya wilaya iko Ruangwa, nyingine Nachingwea, na ziko hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda. Njia za masika ni mbaya, nasi twajua nauli haipatikani upesi. Kwa hiyo wazee wa kila kijiji na wafikiri mapema ni nani mwenye chombo, na fedha za safari zitatoka wapi, kuliko kushauriana mtoto akilia.

Walimu, wafundisheni watoto alama zile za vidole, maana mara nyingi mtoto huanguka mbele ya watoto wenzake. Nanyi mafundi wa mifupa, mkishika neno moja tu la leo, na liwe hili: vidole vikipoa, fungua. Mfupa uliopinda hunyoshwa baadaye. Mkono uliokufa haurudi.