Tunapolala Hoteli ya Mjini

(Hotuba iliyosomwa Kipini mbele ya wanachama walio likizoni na wafanyakazi wenyeji)



Tumeombwa tuseme habari za kulala katika hoteli za mjini. Huenda mtu akaona jambo hili ni dogo mbele ya habari ya mishahara. Lakini watu wa hapa wanaokwenda Mombasa kwa hospitali, kwa kesi na kwa semina za chama ni wengi, na si kila mmoja ana jamaa wa kumpokea. Zamani tulifikia kwa ndugu Majengo au Kisauni. Siku hizi ndugu mwenyewe ana chumba kimoja na watoto watano. Basi chama hutulipia hoteli ya kadiri, yaani si ile ya watalii iliyo ufukweni Nyali, wala si gesti ya karibu na stendi ya mabasi ambayo mlango wake haufungi.

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba hoteli kubwa za Nairobi na Mombasa hazikumlaza Mwafrika katika miaka mingi ya ukoloni. Baba zetu waliingia humo kwa mlango wa nyuma, wakavaa kanzu nyeupe na kubeba sinia. Leo sisi twaingia kwa mlango wa mbele, twaandikwa kitabuni, twapewa ufunguo. Lakini anayebeba sinia bado ni mtu wa kwetu, na hapo ndipo penye maneno yetu.

Kwanza tuseme habari ya bei, maana wengi huumia hapo. Mkiambiwa kwa simu kwamba chumba ni shilingi 3,000, ulizeni kama kodi imo ndani. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, na ushuru wa utalii asilimia 2. Kama havimo, hizo 3,000 zitakuwa 3,540 siku ya kuondoka, na nauli ya kurudi Kipini imekwisha pungua. Ulizeni pia kama chai ya asubuhi imo. Chukueni risiti, maana mweka hazina wetu hakubali hadithi. Na kitambulisho kiwe mfukoni, sio kwenye mkoba uliofungwa juu ya basi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Tulikwenda wanne kwa semina ya siku tatu, tukawekwa katika hoteli moja ya mjini ambayo hatutaitaja jina. Vyumba vilikuwa safi, shuka nyeupe, pangaboi lazunguka. Jioni tukafungua bomba, likakohoa, likanyamaza. Lifti nayo ilikuwa imesimama. Baada ya kitambo akaja mama mmoja mhudumu wa vyumba, amebeba mtungi wa plastiki wa lita 20, amepanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, na alikuwa bado na vyumba vingine kumi na kimoja vya kupelekea. Mmoja wetu akamfokea. Alisema maneno ya mtu aliyelipa.

Yule mama hakujibu. Aliweka mtungi, akauliza kama twataka mwingine. Tulipomkalisha na kumpa pole ndipo tukasikia mengine. Analipwa kwa siku. Amefanya kazi hapo zaidi ya mwaka, siku baada ya siku, na bado anaitwa kibarua. Taulo ikipotea chumbani, anakatwa. Mgeni akiandika malalamiko katika karatasi ya maoni, jina la mhudumu huonekana, naye hupumzishwa siku mbili tatu bila malipo. Tukamwuliza habari ya chama chake. Akasema karani alimwambia kwamba vibarua hawana chama.

Hebu tutazame kosa ni la nani. Mombasa ni kisiwa, na maji yake hutoka mbali: Mzima kwa bomba lililolazwa miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Maji hayo hayautoshi mji, kwa hiyo hugawanywa kwa zamu. Mwenye hoteli anajua hayo siku anapoweka jiwe la msingi. Kazi yake ni kujenga tangi kubwa, kuwa na pampu nzima, na kununua maji ya lori tangi linapokauka. Sisi wa Kipini tunaishi mdomoni mwa mto na tunayajua matata ya maji; bahari ikisukuma, chumvi hupanda mpaka mashamba ya Ozi. Hatujasikia mtu hapa akimpiga mkwe wake kwa sababu kisima kimeingia chumvi.

Basi asubuhi tukaandika barua kwa meneja, sote wanne tukatia sahihi. Hatukuandika kwamba huduma ni mbaya. Tuliandika: bomba halikutoa maji tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja asubuhi, lifti haifanyi kazi, mhudumu alitusaidia vizuri. Meneja akatuita. Alikuwa mtu wa adabu, akatupunguzia nusu ya bei ya usiku ule, na mchana lori la maji likaja. Tukamwomba aandike kwamba mhudumu hatakatwa kitu. Hapo hakuandika, alisema kwa mdomo tu. Tuliondoka na neno lake, na neno la mdomo mnajua uzito wake.

Yafaa mjue sheria, ili mkikutana na mtu kama yule muweze kumwambia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika ikiwa mfanyakazi amekosa kwa makusudi. Taulo iliyochukuliwa na mgeni haimo humo. Kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hata siku zake zikafikia mwezi, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Haikuandikwa humo kwamba vibarua wameachwa nje.

Sasa na sisi wageni tusijifanye malaika. Wako wenzetu wanaoondoka na taulo, wakidhani wanamkomoa mwenye hoteli. Wako wanaolipa kitanda cha mmoja wakalala watatu, na mama yule afue shuka za watatu. Na hili la papa mkavu: samaki wetu ni mtamu, na ni vyema kuwapelekea ndugu zawadi, lakini afungwe vizuri na aachwe kwa karani wa mapokezi. Harufu ya papa haitoki katika pazia kwa kufungua dirisha. Hutoka kwa mtu kufua pazia.

Bakshishi pia ieleweke. Ule ushuru wa asilimia 2 huenda katika mfuko wa utalii wa serikali, hauingii mfukoni mwa aliyetandika kitanda. Kama mna shilingi 100 za kutoa, mpeni mkononi mwake. Mkiiacha chini ya mto aweza kuogopa kuichukua, asije akaitwa mwizi.

Mwisho, twaleta ombi kwa kamati ya tawi. Katibu anapotutafutia vyumba, huuliza bei tu. Aongeze swali moja: je, wafanyakazi wa hoteli hii wana mkataba na chama chao, KUDHEIHA? Chama hicho hufanya mikataba na umoja wa wenye hoteli, kwa hiyo swali si geni kwa meneja. Hoteli mbili zikiwa bei moja, fedha za michango yetu ziende kwa ile yenye mkataba. Semina nyingine itakuwa baada ya Idi, na vyumba havijalipiwa.