Kura Haipimwi kwa Mizani

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa Kasulu na Kibondo, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Habari za mapato na matumizi Mwenyekiti amekwisha kuzieleza, nami sitazirudia. Nitasema juu ya jambo moja lililozungumzwa sana mwaka huu katika vyama vya msingi. Baadhi ya wenzetu wamependekeza kwamba mwanachama aletaye kahawa au tumbaku kidogo asipige kura, na asiyejua kusoma asichaguliwe kuwa mjumbe. Wasema ni kwa ajili ya kuusafisha uchaguzi wetu. Kabla hatujalikata shauri hilo, naomba tuyatazame yaliyowapata wazee wetu.

Hadi 1958 hapana mwananchi wa Tanganyika aliyepata kumpigia kura mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Tangu 1955 viti vya upande wa wawakilishi vilikuwa 30: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Mgawanyo huo uliitwa usawa. Usawa gani? Kwa hesabu ya watu ya 1957, Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, na Wazungu elfu 20 na ushei.

Uchaguzi ulipoletwa, ulikuja na masharti. Ili aandikishwe, ilimpasa mtu awe na umri wa miaka 21, tena awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya darasa la 8, au cheo kilichotajwa katika sheria, kama cha Mwami. Na kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Akimwacha mmoja, kura yake yote iliharibika.

Angalieni, ndugu zangu: sharti la mapato na sharti la elimu hayakutaja rangi ya mtu. Lakini shilingi 3,000 kwa mwaka ni shilingi 250 kila mwezi. Vijana wa Buha waliokwenda manamba kukata mkonge hawakuziona fedha hizo, na shule za darasa la 8 huku kwetu zilikuwa za kuhesabika. Basi sharti lisilotaja rangi likafanya kazi ya rangi. Nchi nzima, walioandikishwa hawakufika laki moja.

Mambo hayo hayakuanzia kwetu. Katiba ya Marekani ilikataza tangu 1870 mtu kunyimwa kura kwa ajili ya rangi yake. Lakini Jimbo la Mississippi mnamo 1890, na majimbo mengine ya kusini baadaye, yaliweka kodi ya kura na mtihani wa kusoma, yakidai kwamba yanausafisha uchaguzi. Katika Louisiana, watu weusi walioandikishwa 1896 walikuwa zaidi ya 130,000. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Hata Wazungu wengi maskini walipoteza kura zao, kwa kuwa kodi haimwulizi mtu rangi. Yauliza mfuko wake. Ilipasa kungoja sheria ya 1965 ndipo haki hiyo ilipopata ulinzi wa kweli.

Wazee wetu walifanyaje? Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, makao makuu ya Jimbo la Magharibi, ambalo Kasulu na Kibondo zilikuwa ndani yake. Wengi walitaka kuususia uchaguzi ule wa kura tatu. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie, na kuwaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubali siasa ya chama. Wakashinda kwa masharti yale yale yaliyowekwa kuwazuia. Mwaka 1960 masharti yakapunguzwa, TANU ikapata viti 70 katika 71. Na 1962 Rais alichaguliwa kwa kura ya watu wazima wote.

Ndugu wajumbe, katika ushirika kila mwanachama ana kura moja. Mizani yetu hupima kahawa ili kila mtu alipwe kwa kilo zake. Haikuwekwa kumpima mwenye kahawa. Tukikubali pendekezo hili, nani atakayetoka? Atatoka mjane mwenye shamba dogo. Atatoka mzee asiyepata shule, ambaye hisa yake ni miongoni mwa zile za kwanza. Na mwaka wa ukame utakapofika, atatoka hata yule aliyelipendekeza.

Ikiwa uchaguzi wetu una kasoro, dawa yake ni elimu. Naomba mkutano ulikatae pendekezo hili, na badala yake uagize kwamba kila chama cha msingi kiwasomee wanachama hesabu zake kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiha, kabla ya siku ya kura. Asiyejua kusoma anajua kusikia, na aliyesikia hesabu ajua kumchagua mtunza fedha.

Ushirika wetu udumu.